Treni ya Anatole

Anatole na dada yake Adolphine walikulia Kalemie, jirani na stesheni, katika nyumba iliyotikisika kila treni ilipopita. Adolphine alikuwa kipofu tangu utotoni. Walipohamia Baraka, mji usio na treni, hakulalamika kwa lolote, ila alisema masikio yake yalibaki kule, kwenye mlio wa treni.

Kwa hiyo Anatole, fundi redio, alichambua redio mbovu, akaunganisha transista mbili na betri. Moja ilitoa mngurumo, nyingine ikaukatakata: ka-taka, ka-taka. Kitufe cha kuzungusha kiliongeza mwendo. Alasiri moja akaifunga kwenye spika kubwa aliyoletewa kutengeneza.

Adolphine alicheka mpaka akashika mbavu. "Ongeza, kaka! Ifike mpaka stesheni ya Nyunzu!"

Anatole akazungusha hadi mwisho. Huko barabarani watu hawakusikia treni; walisikia bunduki. Bamama walitupa mabeseni ya samaki wakakimbia. Wanaume watatu wenye silaha, waliokuwa wakiwapora wapita njia karibu na hapo, wakadhani wanashambuliwa. Wakaufuata mlio na kuuvunja mlango kwa mateke.

"Nani anapiga masasi hapa?"

"Hakuna masasi, chef. Iko treni."

Ngumi ya mmoja wao ikamkuta Anatole mdomoni. "Treni iko Baraka tangu lini?" Kisha mtu yule akaona nyaya na betri. "Bombe! Nani alikutuma?"

Mmoja alimkaba Adolphine shingoni, akambamiza uso mezani. Mwingine akakishika kiganja cha kulia cha Anatole, akakiponda kwa kitako cha bunduki mara mbili. Vidole vikalia kama vijiti vikavu. Anatole hakuwaza. Kwa mkono wa kushoto alinyakua chuma cha kuunganishia nyaya, bado cha moto, akakizamisha shavuni mwa aliyemkaba dada yake. Nyama ikanuka. Yule mtu alinguruma, kidole chake kikavuta kifyatulio, na risasi ikampasua mwenzake paja. Damu iliruka mpaka kwenye spika. Wakaondoka wakimburuta majeruhi, wakifyatua ovyo nyuma yao.

Hospitalini Anatole alikatwa vidole viwili. Kesho yake jirani yao Albert aliingia na, bila salamu, akamzaba kofi.

"Mama yangu alianguka katika kukimbia. Nyonga imevunjika. Juu ya muchezo yako!"

Anatole aliangalia bandeji yake. Hata wale watatu hawakumwumiza kama maneno hayo.

"Si yeye," Adolphine alisema kutoka kwenye kiti, uso umevimba. "Mi ndiye nilimuambia aongeze. Unipige mimi."

Mkono wa Albert, uliokuwa umeinuliwa tena, ulibaki hewani, kisha ukashuka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia kwa sauti, akiwa amegusana mabega na mtu ambaye yeye mwenyewe ametoka kumpiga.

"Nipeleke kwa mama yako," Adolphine alimwambia alipotulia. "Nitabaki naye usiku huu, we upumzike."

Albert akampa mkono, wakaelekea wodi ya wanawake polepole.