Mlango wa Benki ya Damu

1.
Naitwa Tumpale Mwasenga, fundi wa mitandao katika hospitali hii ya mlimani. Tuna seva moja inayoamua nani aingie: kompyuta, simu, hata kadi za milango. Ikikutambua, unapita. Isipokutambua

unabaki nje.

2.
YAH: OMBI LA KUZIMA SEVA YA RUHUSA
Watengenezaji wametangaza udhaifu. Mtu yeyote, bila nywila, anaweza kuipelekea seva ujumbe uliovurugwa makusudi, nayo ikaganda. Haiibiwi kitu, inaacha tu kujibu. Naomba saa moja niweke marekebisho.

JIBU LA MKURUGENZI: Huduma haziwezi kusitishwa. Subiri.

3.
Nikasubiri.

Alhamisi mchana, seva ikaacha kujibu.

4.
(Koridoni.)
— Kadi yangu inakataa.
— Jaribu hii.
— Nayo imekataa.
— Jamani, mama wa watu anatokwa damu!

5.
Sista Atuganile, mkunga, anasimulia:
Subilaga alijifungua vizuri, mtoto wa kike. Kisha damu ikaanza, haikukata. Daktari akanituma benki ya damu. Kupitia kioo cha mlango nililiona jokofu. Niliziona hadi chupa zenyewe. Taa ya mlango nyekundu. Nikampigia Tumpale.

6.
“Sista, nikiiwasha inaganda tena. Kuna mtu bado anaishambulia.”
“Tumpale, niambie kitu kimoja tu. Utafunguka?”

“Vunja.”

7.
TANGAZO KWA WATEJA WETU
Kutokana na hitilafu ndogo ya mfumo, baadhi ya huduma zimechelewa. Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Usumbufu.

8.
Atuganile alivunja kioo kwa mtungi wa kuzimia moto. Akapitisha mkono, akafungua kwa ndani. Alikimbia na damu ya watu wengine kifuani, na yake mwenyewe ikichuruzika kiwikoni.

Wewe unayesoma, usiniulize ni nani aliyeshambulia. Sijui. Huenda hata hajui kwamba hapa pana wodi ya wazazi.

9.
Nikachomoa waya wa intaneti ya nje, shambulio likakatika, nikaenda kusimama karibu na chumba cha upasuaji alikopelekwa Subilaga. Mama yake Subilaga alikuwa kwenye benchi, amempakata mjukuu.

“Mwanangu, wewe ndiye daktari?”
“Hapana, mama. Mimi ni wa kompyuta.”

Alinitazama sana.

“Basi nishikie huyu, nisali.”

Nikampokea. Alikuwa wa moto, mzito kuliko nilivyodhani. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, daktari akavua barakoa, akatazama benchi, akasema, “Mama Subilaga, damu imewahi, binti yako yu hai.”