Mafumbo Sita ya Kobe

Kazi ya kueleza si ya mtu mwenye haraka, na Shangazi Kwanini hakuwahi kuwa na haraka tangu azaliwe. Mama yake alipenda kusema hata tumboni alikaa wiki mbili za ziada, akitafakari. Gazetini alipewa meza ya pembeni, ghorofa ya tatu, kwenye dirisha linalotazama paa la kiwanda cha chapa. Hapo, kwa miaka kumi na mmoja, alifanya jambo moja tu: kila Jumatatu aliwaeleza wasomaji kwa nini majibu ya chemshabongo ya Jumamosi yalikuwa vile yalivyokuwa. Jina la Kwanini alipachikwa na wapiga chapa wa chini. La Shangazi lilikuja lenyewe, na hata mhariri, aliyemzidi umri kwa mbali, alimwita hivyo bila aibu.

Chemshabongo yenyewe haikuwa ya kuuliza mto mrefu ni upi na mfalme fulani alikufa lini. Hiyo ni mitihani ya shule. Hii ilitungwa na mzee mmoja aliyejiita Kobe, na kila kidokezo chake kilikuwa na uso na kisogo. Chukua hiki: "Geuza utajiri wako, ushike jembe. Herufi nne." Wewe utakaa unawaza matajiri waliofilisika. Kumbe utajiri ni mali; geuza silabi, ya nyuma itangulie, unapata lima. Au hiki: "Kinda amemeza taa isiyotimia, nasi tukalala juu yake." Taa isiyotimia ni ta, itie tumboni mwa kinda, unapata kitanda. Ukishaelezwa unajiona mjinga na mwerevu kwa wakati mmoja, na raha yake ndiyo hiyo.

Kobe mwenyewe haelezi. Ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Kila Alhamisi binti yake, fundi cherehani, alileta bahasha yenye miraba, vidokezo na majibu, basi. Kwa nini jibu ni hilo, Shangazi atafute mwenyewe kama wasomaji wengine. Hawakuwahi kuonana, lakini Shangazi aliingia ndani ya mafumbo ya yule mzee kama mtu anayeingia kwa jirani wa siku nyingi na kujua swichi ya taa iko wapi. Mchana, baada ya kula, alisinzia mezani na kuota anatembea juu ya sakafu ya miraba. Akikanyaga mweupe, herufi inapanda mguuni kama maji ya vuguvugu. Akikanyaga mweusi, anasahau jina lake kidogo, halafu linarudi. Aliamka na jibu mdomoni. Wenzake walimcheka kwamba yeye ndiye mfanyakazi pekee anayelipwa kwa kulala.

Matatizo yalianza na mjomba. "Mjomba amesahau upande wa pili wa chai. Herufi saba." Jibu, kwa mwandiko wa Kobe mwenyewe: dirisha.

Shangazi alikigeuza kidokezo kile, akakimenya, akakikata vipande, akakisoma kutoka nyuma. Akasinzia makusudi ili akiote. Aliota chai tu. Jioni ilipofika akakubali: fumbo halifumbuliki. Kobe, ambaye hakuwahi kukosea hata nukta, amekosea.

Angeweza kuandika hivyo. Neno moja tu lingetosha. Lakini alimwazia mzee wa watu, umri umekwenda, anafungua gazeti Jumatatu na kukuta ameanikwa mbele ya nchi nzima. Huruma ikamshika. Akaandika: "Upande wa pili wa chai ni mvuke. Mvuke hupanda mpaka kwenye kioo. Mjomba anautazama, anasahau kwamba nyuma ya kioo kuna dunia. Alichokisahau ndicho dirisha."

Upuuzi mtupu, lakini upuuzi mtamu. Barua zilikuja. Mwalimu mmoja mstaafu aliandika kwamba alipoielewa alilia. Mhariri alipita mezani akamgonga bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Baada ya wiki mbili likaja jingine: "Viatu vinaomba ruhusa kabla ya daraja," jibu ndoto. Shangazi hakuhangaika nalo sana mara hii. Aliandika kwamba hakuna aendaye ndotoni na viatu, vyote hubaki mlangoni vikiomba kuvuka. Likaja la tatu, likaja la nne. Katika miezi mitatu yalifika sita, na yote sita aliyavika nguo. Sitamtetea. Huruma ilikuwepo, lakini na zile barua alizipenda, akaanza kuifungua bahasha ya Alhamisi akitumaini kukuta moja lililovunjika.

Alhamisi moja yule fundi cherehani akaja mikono mitupu. Alikaa kabla ya kukaribishwa, uzi mwekundu umemng'ang'ania kwenye mkono wa blauzi.

"Shangazi, baba hataki tena."

"Anaumwa?"

"Anasema akili imemwisha. Amenikabidhi funguo zake zote. Nikienda sokoni ananiomba nimfungie mlango kwa nje, asije akatoka akapotea. Jana ameniambia niulizie kama kuna mahali wanapolelewa watu wa namna hiyo, nimpeleke mapema kabla hajawa mzigo."

"Kwani anasahau sana?"

"Anasahau miwani iko wapi. Anachanganya majina ya majirani. Mimi mwenyewe nayachanganya." Alifuta uso kwa kiganja. "Ila kila Jumatatu akishasoma gazeti, hali. Anayasoma maelezo yako mara kumi kumi, halafu anavuta pazia na kukaa kimya mpaka jioni. Nimeshindwa, Shangazi. Ndiyo maana nimekuja."

Shangazi alichukua mkoba wake, akamwambia binti waende pamoja. Ngazi za ghorofa tatu alizishuka bila kuziona.

Nyumba ilikuwa ya chini, moja kati ya sita zilizoshikana, milango yote ya rangi moja. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani: vitambaa, pini, gauni la mtu lisilo na mikono likining'inia kama linasubiri mwenyewe azaliwe. Cha nyuma kilikuwa cha mzee. Pazia lake lilishonwa kwa mabaki ya vitambaa vya kila rangi, na jua la alasiri lilipopenya liliacha miraba sakafuni, ya samawati, ya njano, ya waridi. Shangazi alisita mlangoni. Kwa nukta chache hakuwa na hakika kama amefika au amesinzia mezani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa mdogo wa mwili, nadhifu, shati limefungwa vifungo mpaka cha shingoni. "Wewe ndiye Kwanini."

"Ndiye mimi."

"Nilidhani u mrefu. Kaa hapo, mwanangu. Usivikalie hivyo."

Kitandani vilipangwa vipande vya gazeti, vimekatwa kwa mkasi mzuri wa fundi. Shangazi alivitambua kabla ya kuvisoma. Vilikuwa sita.

Kobe akakiokota cha kwanza, akakisogeza karibu na macho. "Nataka unisaidie kitu kimoja, kisha sitakusumbua tena. Hapa unasema mvuke. Kwamba nilikusudia mvuke. Nimejitafuta ndani ya mvuke huu, simo. Sasa, mtu akisahau alichokiwaza, huo ni uzee, hauna ajabu. Lakini mimi nimeelezwa. Nimeelezwa kwa lugha nyepesi, na mwalimu fulani ameelewa mpaka akalia, nimesoma barua yake gazetini. Na mimi mwenye fumbo, baada ya kuelezwa, bado sielewi." "Hiyo si kusahau. Hiyo ni akili kwisha. Nilitaka uniambie kwa mdomo wako, labda ukisema polepole nitaelewa."

Naapa maneno matamu yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Shangazi. Utakumbuka tu, mzee. Umechoka tu. Alikuwa fundi wa maneno ya namna hiyo. Alimtazama yule mzee aliyekaa wima kama mtu anayesubiri hukumu, na aibu ikamchoma mpaka machozi yakaja.

"Mzee, hakuna mvuke."

"Unasemaje?"

"Ulikosea. Kidokezo kile hakifumbuliki. Niliona umekosea, nikatunga mimi."

Katika chumba cha mbele, cherehani iliyokuwa ikinguruma ikanyamaza.

"Ulitunga," Kobe akasema.

"Ndiyo."

"Na haya mengine?"

"Yote. Nilitaka kukusitiri."

Mzee alikiweka kipande cha gazeti juu ya goti, akakilainisha kwa kidole kwa muda mrefu. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo na kali. "Miezi mitatu unanivisha kilemba cha ukoka. Miezi mitatu mimi nimekaa humu najililia matanga ningali hai. Ungeandika 'Kobe kakosea,' ningekasirika siku mbili, ningekutukana, ningekula, ningelala. Unajua nimemwambia nini mwanangu?"

"Najua. Ameniambia."

"Basi usiniletee habari ya kusitiri."

Shangazi alitegemea kufukuzwa na alikuwa tayari kuondoka, lakini mzee akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine, na mabega yaliyokuwa yamekaza tangu mgeni aingie yakashuka yenyewe. Kisha akaanza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikakua, mpaka binti yake akachungulia mlangoni na sindano mdomoni.

"Mvuke," alisema akifuta macho. "Jamani, mvuke! Na lile la viatu, nilikuwa naogopa kuvaa viatu." Akapiga godoro kwa kiganja. "Sogea. Tuyapitie. Nataka nijue yangu ni yapi na yako ni yapi."

Wakayapitia huku miraba ya rangi ikitambaa taratibu sakafuni na kuanza kupanda ukutani. La mjomba alilikumbuka: lilikuwa la fumbo jingine kabisa, alichanganya karatasi akaliandikia dirisha. La viatu hakujua limetoka wapi. Alilitazama sana, akatikisa kichwa, akasema, "Hili ni kosa, tena kosa kubwa," na alilisema kama mtu anayeonja kitu alichokatazwa na kukuta hakiumi. La tatu alihesabu herufi vibaya. La nne vivyo hivyo. La tano, alipolisoma, akaliwekea kidole.

"Hili acha."

"Lipi?"

"'Yaliyobaki, ukiyamenya, yana utamu wa nyuki.' Hili si kosa."

"Jibu ni asali," Shangazi akasema. "Jibu kila mtu alilipata. Ila kumenya kunaingiaje? Niliandika kwamba nyuki wakihama..."

"Nimeona ulichoandika. Nikasema labda ni hivyo, wewe ndiye mwenye akili timamu." Akamwegemea, na kwa mara ya kwanza macho yake yakawa na utundu. "Yaliyobaki ni nini kwa neno moja?"

"Mabaki."

"Jingine."

Shangazi akafikiri. Chumba kilikuwa cha waridi na njano, na neno likaja kutoka mbali, polepole, jinsi yalivyokuja zamani alipokuwa akisinzia mezani. "Masalia."

"Haya, limenye. Toa ganda la huku, toa na la huku."

Akaondoa herufi ya mbele, akaondoa ya nyuma. Asali ilikuwa imekaa pale katikati siku zote. Uso ulimwaka. Miaka kumi na mmoja, na fumbo jepesi kama lile limempita. "Nilishazoea kwamba umekosea," alisema. "Nikaacha kutafuta."

"Naam." Mzee hakumsimanga. Alikitenga kile kipande peke yake juu ya mto. La sita lilikuwa kosa, wakakubaliana upesi. "Kwa hiyo matano. Utayaandika Jumatatu, yote matano, na namba zake. Na uongo wako uandike."

"Nitaandika."

Akavikusanya vipande, akavigonga vikae sawa. Halafu akauliza bila kumtazama, "Yatakuja mengine?"

Swali lile Shangazi alilielewa lote. "Yatakuja, mzee."

"Utaniambia?"

"Siku hiyo hiyo."

Akaitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka bila sauti, na Shangazi naye akalia, wakakaa hivyo kidogo bila kuoneana haya. Kisha Kobe akasimama, akamwambia binti yake ampe funguo zake. Alisema anamsindikiza mgeni mpaka kona. Binti akauliza nani atamrudisha. Akajibiwa kwamba kona haijahama.

Walitembea taratibu, wakiongea habari za wahariri. Kwenye kona waliagana, na Shangazi akabaki amesimama kumwangalia anavyorudi. Alikwenda vizuri, mikono nyuma, shingo imenyooka. Alifika kwenye ile safu ya nyumba sita, akasimama mbele ya mlango, akatoa funguo, akajaribu mmoja, akajaribu wa pili. Ulikuwa mlango wa jirani.

Mtaani kulikuwa na watu, wengine wamesimama kabisa wanamtazama. Shangazi akakusanya mikono mdomoni, akapaza sauti.

"Mzee, siyo huo. Mmoja mbele."

Kobe akageuka, akainua mkono kumshukuru, akasogea mlango mmoja mbele, akafungua, akaingia kwake.