Mgeni Asiyegeuka

"Lydia, hebu taja jina lako, baba asikie," alisema mwalimu Mwanamvua.

Lydia alitazama vidole vya miguu yake. Baba yake, Malimi, alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la awali, kofia mkononi, jasho likimtoka utadhani ndiye anayeulizwa. Mtoto huyuhuyu alikuwa ameimba njia nzima kutoka nyumbani. Walipolifikia geti la shule, wimbo ukakatika.

"Tangu aanze shule sijamsikia hata kukohoa," mwalimu alisema. "Ni bubu?"

"Bubu! Nyumbani hatupumui kwa maneno yake."

Mwalimu hakuamini, na nani angemlaumu? Huko Mtua, kijiji cha kusini, familia ya Malimi bado waliitwa wageni, watu wa ng'ombe waliotoka Kanda ya Ziwa. Sasa walikuwa wageni wenye mtoto bubu.

Mama yake Malimi alikuwa na jibu tayari. "Ni kimio," alisema, akionyesha kile kinyama kinachoning'inia kooni. "Kimerefuka. Jumamosi tumpeleke kwa mzee, akikate. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Malimi aliitikia. Mama akisema, mwana hujibu nini? Lakini mkewe, Marystella, hakuingoja Jumamosi. Alimbeba mtoto hadi zahanati ya Mnero, na Malimi akamfuata akinung'unika.

Muuguzi alimulika koo la Lydia. "Kimio hakina kosa, msikiguse. Anayesema nyumbani na kunyamaza kwa wageni si bubu, wala hana kiburi. Ni hofu inamkaba. Mkimlazimisha, ndiyo inazidi. Mzoesheni taratibu, akiwa na watu anaowaamini."

"Hofu ya nini?" Malimi aliuliza. "Darasani kuna chui?"

Kesho yake Malimi alikuwa akikamua maziwa ya kuuza. Mteja mmoja akajisogeza hadi ubavuni mwa ng'ombe, na maziwa yakakatika.

"Rudi nyuma kidogo, mama," Malimi alimwambia. "Huyu akiona mgeni anayazuia. Hata ukimpiga hatoi."

Maneno hayo yalipomtoka, mkono wake ukasimama kwenye chuchu. Ni mara ngapi alikuwa amemsukuma Lydia mbele ya wageni, fimbo mkononi? Sema shikamoo! Umemeza ulimi? Malimi aliona aibu, tena aibu ya kweli, akashukuru kwamba uso wake ulikuwa umefichwa na tumbo la ng'ombe.

Ijumaa jioni alipiga goti mbele ya mama yake. "Mama, mtoto hakatwi."

Mama alimgeuzia mgongo. Ilimuuma, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Kisha akaenda kwa mwalimu. "Njoo nyumbani unywe maziwa. Ila usimsemeshe Lydia. Hata kumtazama, usimtazame."

Mwanamvua akacheka. "Baba Lydia, niende kwa watu nikakae kama gogo?"

"Kama gogo, mwalimu."

Akaja. Alikuja na ufuta wake kwenye ungo, akaketi karibu na zizi akiipa nyumba mgongo, akawa anapepeta na kuokota mawe. Mwanzoni Lydia alijificha ndani. Mwalimu alivyozidi kuja, mtoto akafika mlangoni, halafu uani, halafu akawa anamnong'oneza mama yake huku mgeni yupo. Bibi aliguna kwamba kisu kingeshamaliza kazi.

Jumamosi moja asubuhi, mwalimu akiwa kwenye ungo wake, Lydia alimjia baba yake aliyekuwa akiosha kibuyu cha maziwa hapo karibu. Akamvuta sikio na kunong'ona:

"Baba, mwalimu anatoa mawe au anayarudisha? Mbona hayaishi?"

Mikono ya Mwanamvua ikatulia juu ya ungo. Alikuwa amesikia. Hakugeuka.

Muulize mwenyewe, Malimi alitaka kusema. Maneno yalimjaa mdomoni, yale yale ya siku zote. Akayameza, akainamia kibuyu chake.

Lydia alisubiri. Baba akaendelea kuosha. Basi akaenda polepole, akasimama nyuma ya mwalimu, akachungulia ungo juu ya bega lake. Akavuta pumzi, akafungua mdomo amuulize mwenyewe.