Sentimita Themanini na Sita

Baba alisimama katikati ya jiko la marehemu mama, mikono nyuma, akaniomba nilivunje lote. Hakunitazama usoni. Alikuwa akiutazama mlango wa kabati uliobabuka rangi kwa sababu mama, kwa miaka thelathini, alikuwa akiufunga kwa nyonga kila mikono yake ilipojaa vyombo. Alisema anataka jiko la kisasa, lakini lenye joto. Jiko ambalo mtu akiingia hatamani kutoka. Niliyaandika maneno hayo daftarini kama ninavyoandika ya mteja yeyote, maana ndiyo kazi yangu, kuwachorea watu majiko. Wateja karibu wote husema hivyo hivyo. Baba ndiye wa kwanza niliyetamani kumjibu vibaya.

Alikuwa anaoa. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu tumzike mama, na shangazi zangu, ambao hawawezi kukaa na neno mdomoni, walitania kwamba kaka yao kapata jiko na sasa ahangaike kumtafutia jiko. Nilicheka nao kicheko cha meno tu. Lakini lazima niseme kweli: mwanamke mwenyewe hakuwa na kosa. Alikuwa mwalimu wa michezo, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuwaita wanafunzi kutoka upande wa pili wa uwanja. Alikuwa na tabia ya kurusha maganda ya viazi kwenye ndoo ya taka akiwa mlangoni, na sikuwahi kumwona akikosea. Aliniambia nimwite nitakavyo, hatakasirika. Nikachagua Mama Mdogo, nikaona nimejitahidi sana.

Sasa nieleze ninavyofanya kazi. Mimi sitengenezi kwa vipimo vya dukani. Makabati ya dukani yana kimo cha mtu mmoja wa kubuniwa ambaye hakuna aliyewahi kukutana naye, na ndiyo maana watu wengi hupika huku wakilalamika mgongo au mabega. Mimi humpima mpishi mwenyewe. Anasimama wima, anakunja mkono, nami napima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Natoa sentimita kumi, upana wa kiganja, na hapo ndipo kaunta inapokaa. Mtu wa kwanza kumpima maishani mwangu alikuwa mama, nilipokuwa bado mwanafunzi. Alikuwa anamenya vitunguu, akaniambia nifanye haraka, chungu hakisubiri masomo ya mtu. Kiwiko chake kilikuwa tisini na sita. Ni namba ambayo sijawahi kuhitaji kuitafuta daftarini.

Mama Mdogo alipokuja kupimwa alivua viatu, akasimama ukutani kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nilivuta tepu. Mia moja na tisa. Niliisoma namba hiyo kwa sauti, naye akatikisa kichwa kukubali. Kisha nikainama nikaandika tisini na sita. Ningependa kusema kwamba mkono uliteleza, lakini haukuteleza. Nilitaka pawepo mahali pamoja katika nyumba ile ambapo mama bado angetosha.

Fundi wangu wa mbao tunamwita Bwana Milimita, kwa sababu hawezi kulala kama kuna droo iliyopinda. Siku ya kufunga makabati alimwona Mama Mdogo akipita nje, akaitazama michoro, akanitazama mimi.

"Dada, yule mama ni mlingoti. Kaunta ya themanini na sita? Si atapikia magotini?"

"Pima nilivyoandika, fundi."

Akapima nilivyoandika. Ni mtu wa kazi, habishani na karatasi.

Sijisifu nikisema lilikuwa jiko zuri kuliko yote niliyowahi kuyachora. Makabati yalikuwa ya mbao ya rangi ya asali, hayana vishikio, unayasukuma kwa kidole yanafunguka. Chini ya makabati ya juu nilificha taa za manjano hafifu zinazomwagikia kaunta, na kaunta yenyewe ilikuwa ya jiwe la rangi ya chai ya maziwa, kingo zake zimeviringwa ili zisimuumize mtu. Karibu na dirisha niliweka benchi lenye mito, maana jiko lisilo na pa kukaa mgeni ni karakana tu. Jamaa walikuja kuona wakasifu mpaka nikaona haya. Baba alipitisha kiganja kwenye ukingo wa jiwe, polepole, akauacha mkono hapo penye sinki kwa muda mrefu. Kisha akatoka kwenda bustanini.

Wiki za mwanzo baada ya harusi Mama Mdogo alipika ameinama. Alinitania kwamba nimemjengea jiko la chekechea, akajishika kiuno, akacheka. Nami nikacheka. Nilipofika kwangu nilijiona mtu mbaya, nikaamua akilalamika tena nitakiri na kurekebisha. Hakulalamika tena.

Wiki ya tatu nilikwenda Jumamosi mchana kukaza bawaba. Nilimkuta amesimama kwenye kaunta, anakoroga mchuzi, mgongo umenyooka. Nikajiambia mwili wa binadamu huzoea lolote. Ndipo alipomaliza kukoroga, akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Mara tatu, ya mwisho nyepesi. Sebuleni nikasikia baba anakunja gazeti, anainuka, anafungua bomba na kunawa mikono.

Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimwita mezani maisha yao yote. Hakuna aliyewahi kumweleza mtu wa nje jambo hilo; lilikuwa dogo mno hata kulieleza. Mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni hadi nyayoni. Na baada ya msisimko huo, nisifiche, niliona furaha. Niliketi kwenye benchi langu nikala sahani mbili.

Basi nikawa mgeni wa kila Jumamosi, kisha na Jumatano, nikitafuta visingizio: mara taa, mara mpira wa sinki. Kila nilipokwenda palikuwa na jambo jipya, yaani jambo la zamani. Alianza kukatia kitunguu kiganjani bila ubao. Droo zangu, ambazo mtoto mchanga angezifunga kwa pumzi, alizifunga kwa nyonga. Alinikemea kwa kushika tama mezani. Maganda ya viazi aliyabeba kwa mikono miwili hadi kwenye ndoo, akayaweka taratibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ikawa ya mtu anayeongea na chungu kuliko na watu. Niliyaona yote haya, nikajua ninachokiona, nikaendelea kula na kunyamaza.

Jumatano moja alasiri nilisahau mwavuli, naye akanifuata nao koridoni. Alipovuka kizingiti cha jiko aliyumba, akashika ukuta kama mtu aliyeteremka kwenye bembea. Alipoinua kichwa ilinibidi kuinua changu pia ili nimtazame.

"Ngoja," alisema, na ilikuwa ile sauti yake ya uwanjani, ila imekwaruza. "Siku ile ulinipima. Ulisoma mia moja na tisa. Mimi nafundisha watu kuruka juu, mwanangu, namba zangu nazijua."

Nikatazama sakafu.

"Jana nimekaa nusu saa natafuta jina la dada yangu. Dada yangu wa tumbo moja." Alitazama nyuma, kwenye mwanga wa manjano uliotoka jikoni. "Nikiwa hapa nje naogopa kuingia humo. Nikishaingia, siogopi kitu. Hilo ndilo linalonitisha."

Nilitoa tepu mkobani kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Akakunja mkono bila kuambiwa. Nilipima mara mbili. Kiwiko chake kilikuwa mia moja na sita. Nikamwomba, Mungu anisamehe, arudi ndani kidogo, hatua tatu tu. Alirudi. Jikoni alisimama kwa utulivu, mkono umekunjwa, nami nikapiga goti kushika ncha ya tepu sakafuni. Tisini na sita. Juu yangu sauti ya chini, isiyo na hofu yoyote, iliniambia nifanye haraka, chungu hakisubiri.

Nilitoka bila kuaga. Nilipofika barabarani niligundua kwamba mwavuli sikuuchukua, na sikurudi kuufuata. Kilichoniandama njia nzima ni zile sentimita tatu za koridoni. Jikoni alikuwa tayari si yeye. Sasa alikuwa anapungua hata nje.

Siku iliyofuata nilimkuta baba peke yake sebuleni. Nilimweleza yote, kuanzia uongo wangu wa daftarini. Alinisikiliza huku akilikunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama bahasha.

"Unadhani sijui?" alisema. "Mwiko ulipogonga siku ile ya kwanza, nilijua."

"Na yeye je, baba?"

"Hajambo. Ana amani. Humwoni alivyo?"

"Simuulizii mama. Namuulizia mkeo."

Aliliweka gazeti mezani. Kisha akaniambia kwamba mwaka ule mzima wa upweke, kila ilipofika saa saba mchana, alikuwa anainuka na kunawa mikono, ingawa hakuna aliyemwita. Ananawa, anakausha, anarudi kukaa. Nilimhurumia. Tungeweza kuishia hapo, mimi na yeye. Tulikuwa wawili, tunataka kitu kimoja, na aliyekuwa anakilipia hakuwepo chumbani kujitetea. Nilijikaza nikamwambia fundi atakuja kesho, Ijumaa asubuhi, kuinua kaunta.

"Mimi sitakuwepo," alisema baba. Alisema kwa upole, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Ijumaa Bwana Milimita alifika na mbao za sentimita kumi na tatu za kuinulia makabati, zimekatwa na kupigwa msasa tayari. Alisema tu kwamba alijua ningemwita. Baba alikuwa ametoka mapema bila kusema anakokwenda. Nyumba nzima ilikuwa kimya, isipokuwa jikoni, ambako maji yalikuwa yanachemka.

Nilimwomba fundi asubiri koridoni, nikaingia peke yangu. Alikuwa amenipa mgongo, mfupi, ametoshea kabisa kati ya sinki na jiko la moto, mwanga wangu wa manjano umemwangukia mabegani. Usiku kucha nilikuwa nimejitayarishia maneno. Nilitaka kueleza kuhusu mwanamke mwingine, kuhusu dada yake wa tumbo moja, kuhusu haki. Nilipofungua mdomo hayakubaki hata mawili.

"Mama," nilisema. "Fundi amekuja."

Mkono wake ulisimama hewani kidogo. Kisha akazima moto. Hakuuliza fundi gani wala amekuja kufanya nini. Alianza kuondoa vitu juu ya kaunta kimoja kimoja: chupa ya mafuta, kikombe cha vijiko, mtungi wa chumvi, vyote akavipanga kwenye benchi pasipoweza kumzuia mtu. Akachukua kitambaa, akafuta jiwe lote, kutoka ukutani hadi kwenye ukingo, akirudia sehemu ya sinki ambako maji hupenda kutuama. Akakikamua, akakitandaza juu ya bomba. Nilisimama tu. Nilitamani kumsaidia na nilitamani asimalize.

Alipomaliza alinijia. Hakuna aliyeinua kichwa wala kukiinamisha. Macho yetu yalikuwa kimo kimoja, kama zamani. Aliweka kiganja shavuni kwangu, bado kina ubichi wa maji na harufu ya kitunguu.

"Mpime vizuri safari hii," alisema.

Akanipita, akaenda mlangoni. Sikugeuka, kwa kuwa najijua, ningegeuka ningemrudisha. Niliweka mikono yote miwili juu ya lile jiwe nikalishikilia. Nyuma yangu nilisikia miguu ikijikwaa kizingitini, fundi akisema pole mama, taratibu, kisha kimya kirefu cha mtu anayevuta pumzi. Halafu sauti kubwa ya uwanjani ikauliza ni nani huyo anayelia jikoni, na mbona hakuna hata mtu mmoja anayekwenda kumbembeleza.