Kitanda cha Mwalimu Nyakerario

Duka la hisani la akina mama wa Dorkasi lilikuwa nyuma ya kanisa, mjini Kisii, katika banda la mabati lililowahi kuwa jiko la mikutano ya makambi. Watu walileta vitu vya nyumbani ambavyo hawakuvihitaji tena, akina mama wakavisafisha na kuvipanga, na mapato yakaenda kuwalipia bili wagonjwa waliopona wakakosa namna ya kutoka hospitalini. Sheria za duka zilikuwa mbili, na Bochaberi aliyelisimamia alimtajia kila mtu mlangoni: bei haipunguzwi, na kilichouzwa hakirudishwi.

Mwalimu Nyakerario alizipenda sheria hizo. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule za msingi za Nyamira mpaka akastaafu, na kupigania bei kulimchosha. Kwake, kitu kilikuwa na thamani yake, na mtu mzima aliitaja mara moja, yakaisha.

Ijumaa hiyo alifika kabla mlango haujafunguliwa baada ya mapumziko ya mchana. Alitaka kitu kimoja tu, kitanda. Viti, meza, kabati la vyombo, mapazia na hata thamosi alikwisha kuvipata, na vilikuwa vikingoja ndani ya nyumba yake mpya kule Manga, nyumba ya matofali aliyoijenga chumba baada ya chumba kwa bonasi ya majani chai na kiinua mgongo chake. Usiku alilala juu ya godoro sakafuni. Jumapili wakwe zake, wazazi wa Jethro aliyemwoa binti yake Linda, wangekuja pamoja na Jethro mwenyewe kuiona nyumba hiyo kwa mara ya kwanza.

Si kwamba hawakuwahi kuja. Walikuja wakati wa mahari, miaka saba nyuma, ila Nyakerario hakuwa na mahali pa kuwaweka. Mumewe Nyakundi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba ya zamani ilikuwa imeanza kuinamia upande mmoja. Wageni wakapokewa kwa shemeji yake Ombati, wakakalia viti vya Ombati na kula kwenye sahani za Ombati. Ombati hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni kwamba alikuwa na kumbukumbu nzuri. Tangu siku hiyo hapakuwa na harusi wala mazishi ambapo hakuwakumbusha jamaa kuwa Linda aliolewa kutoka sebuleni kwake. Basi Nyakerario alipoweka msingi alitangaza mbele ya ukoo kwamba wakwe watakaporudi, ndani ya nyumba hiyo hapatakuwa na hata kijiko ambacho hakukilipia yeye mwenyewe. Jethro alipojitolea kuchangia mabati, alimshukuru akakataa. Ombati alicheka, akasema tutaona.

Linda alikuwa amemuuliza kwa nini ahangaikie kitanda, ilhali wakwe hawaingii chumbani na hawatakiona. Nyakerario alimjibu kuwa hilo ni kweli, lakini yeye mwenyewe angejua kama kipo au hakipo.

Na sasa alikuwa amekiona. Kilikuwa cha mvule, kipana, ubao wa kichwani umechongwa mistari minyoofu bila maua wala makuu. Alipitisha kidole kwenye viungo asikute msumari hata mmoja. Vipande vilikuwa vimeumana vyenyewe. Alikitikisa, hakikulia. Alipoinua macho aliona mkono mwingine juu ya ubao uleule, wenye hina iliyoanza kufifia. Ulikuwa wa Hawo, mke wa Warsame mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyemuuzia mapazia.

“Mwalimu,” alisema Hawo, “wewe ni mtu mmoja. Hiki ni kitanda cha watu wawili.”

“Mama Rashad, sikuona pale mlangoni pameandikwa kuwa wajane hulalia nusu.”

Bochaberi aligeuka upande akajifanya anapanga sufuria. Hawo hakukata tamaa. Alieleza kuwa ana bwana harusi nyumbani, kwamba mwanawe Rashad anaoa mwezi ujao na vyumba viko tayari, na kwamba maseremala wa siku hizi wanauza mbao mbichi zinazopinda kabla ndoa haijapinda. Nyakerario alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, huku kidole gumba chake kikifanya kazi kwenye simu. Hawo alipofungua mkoba wake kutafuta ya kwake, simu ya duka ilikuwa imekwisha kulia kuthibitisha malipo.

“Umenishinda kwa kidole,” alisema Hawo. “Kwa macho, mimi ndiye niliyekiona kwanza.”

“Kuona ni bure, Mama Rashad. Ndiyo maana kila mtu anaona.”

Walicheka wote wawili, mmoja zaidi ya mwenzake. Nyakerario alikizunguka kitanda chake mara moja, bila haraka, kama mtu anayekagua daftari la mwanafunzi aliyepata yote. Halafu akainama ili aketi pembeni, apime kimo chake na magoti yake.

“Mama, usikae.”

Linda alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja na pikapu ya kukodi kusaidia kubeba, na mkono mmoja bado ulishika kitasa. Nyakerario aliganda nusu ameinama, kisha akanyooka.

Tangu hapo mama na binti walisema Kikisii, kwa sauti ya chini. Nyakerario aliuliza kuna nini. Linda alisema kitanda hicho hakiwafai. Mama akataka kujua kama kimelegea mahali, na binti akajibu hapana. Kina kunguni? Hapana. Kimeibwa? Hapana, Mama. Nyakerario hakuwa amezoea majibu ya namna hiyo, na alimwambia hivyo. Linda alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe alimshika Hawo mkono, mtu ambaye hawakuwahi kusemezana zaidi ya salamu, akamvuta nje ya mlango.

Bochaberi, aliyezaliwa na kukulia Nyamarambe, alielewa papo hapo kuwa hilo lilikuwa jambo la *chinsoni*, akaondoka taratibu mpaka upande wa vikombe. Chinsoni ndiyo heshima na haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mkwe na mama mkwe. Mambo ya chumba cha kulala cha mmoja, mwingine hayaoni, hayagusi, wala hayataji. Linda alikuwa na jambo ambalo ulimi wake haungeweza kulibeba mpaka kwa mama yake. Kilihitajika kinywa cha mtu wa nje.

Hawo aliporudi, kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

“Mwalimu, nimetumwa, usinichukie. Kitanda hiki kimetoka kwa Linda. Ndicho walichokuwa wakilalia yeye na bwanake.”

Nyakerario alimgeukia. “Kumbe unakitaka kiasi hicho?”

“Ningekuwa nakitaka kwa hila ningekuacha ukakilalie mwaka mzima, halafu ndipo nikwambie, unipe bure. Mimi nimezaliwa hapa Kisii, Mwalimu. Nazijua chinsoni zenu.”

Hoja ilikuwa sawa, na Nyakerario hakuwa mtu wa kubishana na hoja iliyo sawa. Alimtazama Linda. Linda alikuwa akitazama birika la plastiki kana kwamba ni kitu adimu, na shingo yake ilikuwa imeinama kama ilivyoinama siku ya mahari. Hapakuhitajika ushahidi mwingine.

Tena yote yaliingiana. Miezi mitatu nyuma Linda na Jethro walihamia nyumba yenye vitanda vya kujengewa ukutani, na Jethro akampa mzee wa kanisa vitu vilivyobaki avipeleke panapofaa. Nyakerario alikuwa ameitembelea nyumba yao ya zamani mara nyingi, akapika jikoni na kuwaogesha wajukuu, lakini mlango wa chumba chao hakuwahi kuuvuka wala kuuchungulia. Jirani yeyote aliyewahi kuombwa ashike mtoto, fundi yeyote wa taa, angekitambua kitanda hicho kwa mbali. Ni wazazi tu wasingeweza kukijua. Kule kuishika desturi kikamilifu ndiko kulikomfikisha karibu kuivunja mahali pake nyeti kuliko pote; ulibaki upana wa kiganja tu aketi.

Alijipa muda wa kufikiri. Mbao hazina kumbukumbu, hilo alilijua. Kitanda kilikuwa kimeoshwa, godoro lingekuwa lake, na Jethro asingekiona kamwe kwa sababu na yeye hawezi kuingia chumbani kwa mama mkwe wake. Hawo angenyamaza. Bochaberi angenyamaza. Kwa hesabu hapakuwa na kosa popote. Ila Jumapili angempokelea Jethro kofia mlangoni na kumwandalia chai, na kila alipomtazama angekumbuka kuwa usiku amelala palepale alipolala yeye. Halafu kulikuwa na lile alilolitangaza. Angeweza kulipia kitanda hicho mara mbili, na bado kingebaki kitanda cha Jethro ndani ya nyumba aliyosema haina kitu cha mtu.

Linda alikuwa amekwisha kutoa simu. Alisema, sasa kwa sauti, kwamba Jethro akiambiwa mama hana kitanda atanunua kipya leo hii hii, dukani, na kipya si mwiko.

“Si mwiko,” alikubali Nyakerario. “Ila si changu. Rudisha simu mkobani.”

Bochaberi alitoka kwenye vikombe akasema kuwa kwa jambo kama hili duka lingeweza kumrudishia pesa, sheria ni za watu.

“Usiivunje kwa ajili yangu, dada. Ukiivunja leo kwa mwalimu, kesho utamnyima nani?” Akamgeukia Hawo. “Mama Rashad, kitanda unakitaka bado?”

Hawo alikitaka. Kwake hakikuwa na neno. Kilikuwa mvule mkavu na bei nzuri. Alijitolea hata kuongeza kidogo, kwa usumbufu, na Nyakerario akamwambia kuwa hapa si sokoni, hili ni duka la wagonjwa, atoe kilekile alichotoa yeye. Wakamaliza hivyo. Hawo alimwambia Linda kuwa Rashad akipata watoto wengi kama wa Linda, yeye Hawo atamletea sukari ya shukrani.

Saa ya kufunga ilikuwa inakaribia, maana Ijumaa ni siku ya maandalizi na jua likizama Sabato imeingia. Hapakuwa na fundi wa kumsubiri. Nyakerario alipita katikati ya duka tena, mara hii akitazama vile ambavyo watu walivipita. Nyuma ya rundo la magodoro ya watoto aliona chuma. Alisogeza magodoro moja moja, akakataa msaada, mpaka kikatokea kitanda chembamba cha wodi, kilichotoka katika zahanati ya misheni iliyofungwa zamani. Rangi nyeupe ilikuwa imebambuka na kutu imeanza kwenye matendegu, lakini chuma chenyewe kilikuwa kinene kama cha reli.

“Hicho?” alisema Hawo. “Utalala kama mgonjwa, Mwalimu.”

“Hakikuwa cha mume na mke. Hakikuwa cha mkwe, wala cha shemeji. Kilikuwa cha kila mtu, maana yake hakikuwa cha mtu.” Alikikwaruza kwa ukucha. “Na wewe mwenyewe umesema mimi ni mtu mmoja.”

Akalipa. Kisha, mbele yao wote watatu, aliketi pembeni, polepole, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Chuma hakikutoa sauti. Linda alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, na Bochaberi akasema Bwana asifiwe, kwa upole, kama mtu anayefunga kikao.

Njiani walisimama mara moja tu, Nyakerario anunue msasa na kopo la rangi ya buluu ya kupaka Jumapili asubuhi. Dereva, kijana wa Masimba aitwaye Onyiego, alitaka kukifunika kitanda kwa turubai akisema kina kutu na watu watakitazama. Nyakerario alimwambia akiache wazi, tena akisimamishe, kionekane matendegu yote manne. Mlimani, Onyiego alipokata kona kuelekea njia ya mkato, alimrudisha kwenye barabara ya sokoni. Jua lilikuwa bado juu ya ukingo wa Manga na wanawake walikuwa wakirudi kutoka kituo cha chai na vikapu vitupu. Kila mmoja aliuliza kitanda hicho kimetoka kwa nani. Nyakerario alimjibu kila mmoja kupitia dirishani kwamba amekinunua yeye, na alipoona baadhi yao hawafikii gari vizuri, akamwambia Onyiego apunguze mwendo.

Ombati alikuwa langoni kwake, kikombe mkononi. Pikapu ikasimama bila kuambiwa. Alikitazama kitanda kile tangu kichwani mpaka miguuni, akauliza ni nani aliyemletea, ni Jethro?

“Nimejiletea, shemeji.”

Ombati alihamisha kikombe mkono wa pili. Alitazama chuma, akatazama rangi iliyobambuka, akafungua kinywa, na kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu nzuri, akakifunga. Alisogea akashika tendegu moja, akajaribu kuliinua.

“Ni kizito,” alisema mwishowe.

“Ni kizito,” alikubali Nyakerario, na akamwambia dereva waendelee.