Pazia la Chumba cha Uani

Mume wangu ni dobi wa hospitali ya serikali, na tatizo lake ni moja: huiamini redio kuliko mkewe. Waziri aliposema mishahara itaangaliwa upya, siku hiyohiyo akamwambia mama yake, aliyekuwa akilala kwenye kochi la sebuleni kwetu, "Mama, mwezi ujao nakukodia chumba cha uani. Na wewe ulale kitandani kama watu."

"Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa," nikamwambia.

Akanunua kitambaa cha pazia. Mama mkwe akapima dirisha la chumba kile kwa shibiri zake, akalishona pazia kwa mkono, akitusumbua kila mara tumtungie uzi. Jioni alinitania: "Mkwe, nikishahamia huko, usije kunibishia hodi ukigombana na mumeo. Nitatia komeo."

Kisha waziri akarudi redioni. Nyongeza ipo, ila kwa watumishi wote wa serikali isizidi asilimia mbili. Asilimia mbili ya mshahara wa dobi! Hainunui hata mafuta ya kupaka mikono yake iliyochubuliwa na dawa za kufulia. Mwenye nyumba naye alisikia neno moja tu, nyongeza, na asubuhi akapandisha kodi yetu. Nilimchukia waziri, nikamchukia mwenye nyumba, na Mungu anisamehe, nikamchukia hata mume wangu kwa ile ahadi.

Mama mkwe hakungoja aambiwe. Alimpigia shemeji simu mwenyewe, aje amchukue. Kwa shemeji ni safari ya siku nzima. "Kochi lenu limeniumiza mgongo," alisema, na mume wangu akatoka nje ili tusimwone analia.

Chumba cha uani akapanga kinyozi. Jua lilimpiga usoni kila asubuhi. Mume wangu akalichukua lile pazia, akaenda kumtundikia. Sikumuuliza kwa nini.

Jumapili mama akapiga simu. Tulipomaliza salamu akauliza, "Mkwe, lile pazia langu mlilijaribu? Linaenea dirisha?"

Nilikuwa nimesimama uani, nalitazama.

"Linaenea, mama. Vilevile ulivyolipima."

Akacheka kwa furaha. "Basi mwambie mwanangu asilifue kwa yale madawa yake ya hospitali. Litachujuka kabla sijarudi."