Doa Karibu na Lifti ya Pili

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kwa hiyo chuo kilipotangaza muhula mfupi wa Machi, wiki sita, somo moja tu, bure kwa walinzi, na somo lenyewe likawa mawe, Deus alinicheka mpaka nikamrushia kofia. Deus ni mlinzi mwenzangu hapa Jumeirah Lake Towers, maghorofa marefu ya huku Uarabuni. "Frida, kwenu Upareni mawe yamejaa hadi jikoni! Umeyafuata huku?"

Abaki na ujinga wake. Kila Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nilikaa kiti cha mbele. Somo moja, mwalimu mmoja, hakuna kuhangaishwa. Dokta Aseel alikuwa akikuwekea jiwe mkononi anakuambia milima ile ya Hatta, nje ya mji, zamani ilikuwa sakafu ya bahari, na mimi mwili mzima unanisisimka. Jamani! Nilikuwa nachelewa kutoka darasani makusudi.

Cheti kilikuwa na sharti moja: Jumamosi ya mwisho twende Hatta, kila mtu achague jiwe na kulieleza mbele ya wenzake. Asiyeeleza, hapati. Mimi niliachia shule kidato cha pili; hiki nilikitaka kuliko kitu chochote.

Alhamisi msimamizi wetu, Harrison, akaniambia, "Jumamosi uko zamu. Mwenzako mgonjwa. Khalas, imekwisha."

Nilimjibu vibaya, nikaenda kusimama ukumbini machozi yakinilengalenga. Nikainamisha macho, karibu na lifti ya pili, kwenye lile doa. Miaka mitatu naandika kwenye daftari la zamu: doa halitoki. Nimewagombeza wasafishaji, maskini, wamesugua hadi mikono ikawauma. Safari hii nikachuchumaa na tochi.

Halikuwa doa. Lilikuwa limejisokota, duara ndani ya duara, kama donge la chapati kabla ya kusukumwa, na ndani yake vyumba vidogo vidogo. Kombe! Mnyama wa baharini ndani ya marumaru ya sakafu, zaidi ya miaka milioni mia, na watu wanamkanyaga wakikimbilia lifti. Nikasema "Mungu wangu!" kwa sauti, bwana mmoja wa ghorofa ya ishirini akashika mfuko wake akidhani ameibiwa.

Nikapiga picha, nikamtumia Dokta Aseel pamoja na habari ya zamu. Akajibu: "Jumamosi usitoke hapo. Tutakuja sisi."

Jumamosi saa kumi alasiri basi la kutoka Hatta likasimama mlangoni. Wanafunzi kumi na wawili wakaingia na vumbi lao, wakachuchumaa kulizunguka kombe. Nikaanza kueleza. Nikiwa katikati, Harrison huyo.

"Wewe Frida, ni nini hii? Yalla, haraka, toa hawa watu!" Akaja moja kwa moja, kiatu juu ya kombe.

"Mguu, bosi!" Nilimpigia ile kelele ya kumsimamisha mwizi. Akaruka pembeni.

"Endelea," Dokta Aseel akaniambia.

Nikaendelea: bahari ilivyokuwa, matope yalivyomfunika, yalivyogeuka jiwe. Hakuna aliyegusa simu. Nilipomaliza Dokta akasema, "Umefaulu," nami nikalia pale pale bila aibu, na sare yangu na beji.

Nilipofuta macho, Harrison alikuwa amepiga magoti, kidole chake kinafuata mzunguko polepole.

"Frida," akaninong'oneza, "hii ilikuwa hai?"

"Ilikuwa hai, bosi. Ilikuwa inaogelea."